Je, wajua laptop ya Linux inapataje intaneti kwenye ruta ambayo haijawahi kuiona?

Mimi niliamini kabisa kwamba ruta ina daftari la kompyuta inazozijua, Windows imo, Linux haimo. Fundi aliyekuja kufunga intaneti geto Sinza aliiangalia laptop yangu yenye Ubuntu (aina ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows) akasema "hii bro haishiki", nami nikaanza kutafuta CD ya kuinstoo ruta. Wapi! Ruta haiulizi unatumia mfumo gani, tena ruta nyingi zenyewe ndani ni Linux, Linksys WRT54G watu waliishtukia mwaka 2003, na simu ya Android nayo kiini chake ni Linux, mbona inashika wifi kimya kimya? Nahisi uongo huu ulitokana na zile modemu za USB, ukichomeka inajifanya CD yenye programu ya Windows, wa Linux unabaki unaikodolea macho. Ila hiyo ni modemu, sio ruta.

Kinachofanya kazi kinaitwa DHCP, yaani utaratibu wa ruta kugawia kila kifaa namba yake ya anwani, hii tunayotumia iliandikwa 1997. Chukulia umeshuka Stendi ya Magufuli usiku wa manane, umeingia gesti giza totoro, mapokezi hupajui, unafanyaje? Unapaza sauti: "Hodi! Nani anagawa vyumba hapa?" Laptop ndo hivyo hivyo, haina hata anwani ya kujitaja, inajiita 0.0.0.0 halafu inapigia kelele 255.255.255.255, yaani yeyote anayesikia. Ruta inajibu "192.168.1.23 ipo wazi". Laptop inapaza sauti TENA, "nachukua hiyo", na hapa ndo nilipopapenda, maana huenda wamejibu wahudumu wawili, sasa yule aliyekosa mteja ajue arudishe ufunguo wake ubaoni. Ruta inamaliza: haya, chako, mpaka muda fulani. Kwa kawaida nusu ya muda ikifika laptop inarudi mapokezi kuongeza, wewe hata hujui.

Ukipewa ufunguo unaelekezwa pia mlango wa kutokea barabarani, ambao ni ruta yenyewe, na mtu wa kumuuliza majina, DNS, anayegeuza jina la tovuti kuwa namba.

Kwa hiyo ikigoma fungua terminal, lile dirisha la kuandikia amri, uandike "ip a" uone namba uliyopewa. Ukikuta 192.168 na kuendelea, chumba umepata, Linux iache. Usipokuta namba, au ukakuta 169.254, hodi yako haijajibiwa. Kisha andika "ping 8.8.8.8", yaani unaibishia hodi kompyuta ya Google huko nje, ikijibu lakini tovuti kwa jina hazifunguki, shida ni DNS.

Fundi nimpe haki yake kidogo: kuna kadi za wifi, hasa baadhi ya Broadcom, ambazo Linux haiziamshi mpaka uzitafutie firmware yake, yaani programu ndogo ya kuendesha kadi yenyewe, hapo chomeka waya kwanza au intaneti ya simu kwa USB.

Kwangu lakini haikuwa hivyo. Namba ilikuwepo muda wote, 192.168.1.5, ping ndo haitoki, kwenda kuchungulia nyuma ya ruta, waya unaotoka nje fundi hajauchomeka.