Skrini ya majibu ya maabara ikiganda, usiizime kwanza

Tangu mvua za masika zianze, dawati letu la usaidizi hapa Kisumu limepokea malalamiko ya aina moja kutoka vituo vya afya vya Ahero, Maseno, Luanda na hata Mumias: skrini ya majibu ya maabara imeganda. Fundi wa maabara ameshaingiza majibu, mgonjwa yuko kwenye benchi, lakini kwa daktari hakuna kinachojitokeza mpaka mtu aifunge programu na kuifungua upya. Ikifunguliwa, majibu yote yanamwagika kwa pamoja. Makala haya ni ya wasimamizi wa vituo, maafisa wa tehama na vijana wanaotuandikia programu hizi. Wengi wao tunawafahamu, na tunajua wanafanya kazi kwa moyo.

Huku kuganda si virusi. Tumelisema hili kwenye mafunzo, tumeliandika kwenye waraka, na bado tunaletewa kompyuta zilizofutwa zote na kusakinishwa upya, zikiwa na tatizo lile lile. Wala si dalili kwamba mashine imezeeka. Programu iliyoganda hivi haijazidiwa na kazi. Haifanyi kazi yoyote. Tazama matumizi ya kichakataji na utayakuta karibu na sifuri. Inasubiri. Kinachotakiwa ni kujua inasubiri nini, na kama hicho inachokisubiri kitakuja.

Mifumo mingi tunayoisimamia hutumia hifadhidata ya PostgreSQL, yaani programu ya seva inayotunza rekodi kwenye majedwali. Programu ya daktari hutoa amri ya LISTEN (sikiliza) kwa jina la mkondo, yaani njia ya kupitishia arifa, kisha inatulia. Majibu yakihifadhiwa maabara, hifadhidata hutoa NOTIFY (arifu) kwenye mkondo huo na kila anayesikiliza huletewa arifa bila kuuliza. Ni mpango mzuri kwa vituo vyenye intaneti hafifu, kwa kuwa hakuna haja ya kuisumbua seva kwa maswali kila sekunde. Ila una masharti yake, na mengi ya malalamiko tuliyoyachunguza yametokana na masharti hayo kutozingatiwa.

Arifa haiondoki mpaka muamala wa mtumaji, yaani fungu la amri zinazohifadhiwa kwa pamoja, uthibitishwe. Fundi akiacha fomu wazi aende kuchukua sampuli nyingine, na programu yake ikawa imeuacha muamala ukiwa wazi, arifa haitatoka hata kama skrini yake inaonyesha kwamba majibu yamejazwa. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba sharti hilo linambana msikilizaji pia. Muunganisho wa daktari ukiwa katikati ya muamala, seva humshikia arifa zake mpaka muamala huo ukamilike. Na amri yenyewe ya LISTEN huanza kufanya kazi baada ya muamala wake kuthibitishwa. Maktaba ya Python iitwayo psycopg2 hufungua muamala yenyewe mara tu amri ya kwanza inapotolewa, kwa hiyo mwandishi wa programu akisahau kuwasha hali ya uthibitishaji wa papo hapo (autocommit), atakuwa ameandika LISTEN ambayo haijasajiliwa kamwe, naye ataapa kwamba anasikiliza.

Madhara yake hayaishii kwa daktari huyo. Arifa ambazo hazijasomwa na wasikilizaji wote hukaa kwenye foleni ya pamoja, ambayo katika usakinishaji wa kawaida ina nafasi ya gigabaiti 8. Msikilizaji mmoja aliyekwama ndani ya muamala huzuia foleni hiyo isisafishwe. Ikifika nusu, seva huanza kuandika maonyo kwenye faili za kumbukumbu zake (logs). Ikijaa, miamala inayotoa NOTIFY hushindwa wakati wa kuthibitishwa, maana yake ni kwamba maabara yenyewe haiwezi tena kuhifadhi majibu. Programu moja iliyosahaulika wazi kwenye ofisi iliyofungwa inaweza kufikisha kituo kizima hapo. Msimamizi wa seva aitazame foleni kwa pg_notification_queue_usage() kila siku, na aweke idle_in_transaction_session_timeout, kikomo cha muda kinachokata muunganisho ulioacha muamala wazi, ambacho kimekuwepo tangu toleo la 9.6 lakini huja kikiwa kimezimwa.

Sasa nije kwenye kosa lililotupotezea muda kuliko yote, maana linaonekana kama mazingaombwe. Kituo kinaripoti: majibu ya mgonjwa wa kwanza hayaonekani mpaka majibu ya mgonjwa wa pili yaingizwe, ya pili yanasubiri ya tatu. Ukisikia hivyo, acha kuulaumu mtandao. Programu zilizojengwa juu ya libpq, maktaba ya C ya kuzungumza na PostgreSQL, hupata arifa kupitia kitendaji chake cha PQnotifies, na PQnotifies haisomi chochote kutoka kwa seva. Inaangalia tu kilichokwisha kuingizwa kwenye kumbukumbu ya programu. Kazi ya kusoma soketi, yaani mlango wa programu wa kupokelea data ya mtandao, hufanywa na PQconsumeInput, au na amri nyingine yoyote inayowasiliana na seva. Ikitokea arifa imefika pamoja na jibu la swali jingine, itakuwa imeshasomwa na kuwekwa kwenye bafa, ndiyo hiyo kumbukumbu ya programu. Programu isiyojua hilo hurudi kulala kwenye select(), ikingoja soketi itikisike, na soketi iko tupu kwa sababu mzigo umeshashushwa. Italala mpaka kitu kingine kije, na hapo ndipo arifa ya zamani hutolewa. Dawa yake ni mistari michache ya msimbo: baada ya kila swali, na kabla ya kila kulala, ita PQnotifies mara kwa mara mpaka irudishe tupu. Na select() isiachwe bila kikomo cha muda. Wanaotumia Java wajue kwamba getNotifications yenye kikomo cha sifuri husubiri milele. Sifuri hapo haimaanishi «usisubiri».

Kuna pia mkwamo wa kusubiriana. Arifa inafika kwenye uzi wa nyuma, yaani sehemu ya programu inayokwenda sambamba na ile ya skrini; uzi huo, ukiwa umeshika kufuli la muunganisho, unauomba uzi wa skrini uchore jibu na kubaki ukingoja. Wakati huo huo uzi wa skrini unataka kuuliza hifadhidata jambo, na kufuli limeshikwa. Ni kama matatu mbili zilizokutana uso kwa uso kwenye kichochoro cha Kondele, kila dereva akimngoja mwenzake arudi nyuma. Kazi ya anayepokea arifa iwe kuiweka kwenye foleni ya ndani na kuondoka. Asiulize hifadhidata pale pale. Kusikiliza kuwe na muunganisho wake peke yake. Muunganisho huo usipitie PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho ya hifadhidata, ikiwa imewekwa kuigawa kwa kila muamala, kwani LISTEN ni mali ya kikao kimoja na kikao hicho hutakipata tena.

Kuhusu umeme na mtandao, ambavyo ndivyo vinavyolaumiwa kwanza. Ni kweli radi za jioni huku Nyanza huzima ruta, na ruta ikiwaka huwa imesahau miunganisho ya zamani. Lakini anayesikiliza tu hatumi kitu, kwa hiyo hajui kwamba upande wa pili umekatika. Linux kwa kawaida hungoja sekunde 7200 kabla ya kuanza kuuchunguza muunganisho ulio kimya, kisha hujaribu mara 9 kwa nafasi ya sekunde 75: jumla ni zaidi ya saa mbili na dakika kumi. Kufikia hapo wagonjwa wameshakwenda nyumbani. Kwenye mipangilio ya muunganisho, weka keepalives_idle iwe sekunde 60, keepalives_interval sekunde 10 na keepalives_count mara 3, na programu itagundua ndani ya takriban dakika moja na nusu. Baada ya kuunganisha upya, itoe LISTEN tena, kisha isome jedwali la majibu tangu rekodi ya mwisho iliyoiona. PostgreSQL haimhifadhii arifa asiyekuwepo. Arifa ni mlio wa mlangoni tu. Ukweli uko kwenye jedwali, na programu inayotegemea arifa peke yake itapoteza majibu ya mgonjwa siku moja.

Kwa sababu hizo tunawasihi: skrini ikiganda, kabla ya kuizima, mwiteni afisa wa tehama achukue ushahidi. Mkiizima mmeufuta. Kwenye kompyuta ya daktari aendeshe ss -tnp, amri ya Linux inayoorodhesha miunganisho ya mtandao, na kutazama safu ya Recv-Q. Baiti zikiwa zimerundikana hapo, data imefika na programu haiisomi; kosa ni la msimbo. Kwenye seva atazame pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyopo na hali yake. Muunganisho usipoonekana kabisa, umekufa zamani na programu ya daktari haijui. Ukionekana «idle in transaction», yaani umetulia ndani ya muamala, tatizo ni muamala. Ukionekana «idle» tu, na Recv-Q ni sifuri, basi aidha arifa imelala kwenye bafa, au jina la mkondo halilingani: LISTEN MajibuMaabara bila alama za nukuu hugeuzwa kuwa herufi ndogo zote, ilhali pg_notify('MajibuMaabara', …) huacha herufi kubwa zilivyo. Mikondo miwili tofauti, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mwisho achukue picha ya nyuzi zote, inayoonyesha kila uzi umesimama wapi: gdb kwa programu za C, jstack kwa Java, py-spy dump kwa Python.

Hapa lazima nizungumzie sheria, na nitaizungumzia kwa kirefu kwa sababu inapuuzwa. PostgreSQL haina ruhusa za mikondo. Yeyote anayeweza kuingia kwenye hifadhidata anaweza kusikiliza mkondo wowote wa hifadhidata hiyo. Tumekuta programu zinazoweka jina la mgonjwa na jibu lake zima ndani ya arifa, eti kwa vile nafasi ya karibu baiti 8000 inatosha. Tuma nambari ya rekodi pekee. Anayestahili ataisoma kwenye jedwali kwa ruhusa zake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti. Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika, mdhibiti wa data, hapa ni kituo, ana saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu alipofahamu, na anayechakata data kwa niaba yake ana saa 48 kumjulisha mdhibiti. Kampuni iliyowauzia programu na inayoiendesha kwa niaba yenu ni mchakataji. Watoa huduma za afya hawaokolewi na udogo wao: kanuni za usajili za 2021 zinawataka wasajiliwe hata wakiwa na mfanyakazi mmoja, na cheti hudumu miezi 24.

Ninayaeleza haya kwenye makala ya kuganda kwa skrini kwa sababu picha ya nyuzi inaweza kubeba majina ya wagonjwa, na nakala ya kumbukumbu ya programu karibu lazima iyabebe. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp ili «mtu atusaidie» ni kuvujisha data. Tafadhali, jamani, lisitokee tena.

Taarifa ije kwetu kwa barua pepe rasmi ya kituo, ikitaja jina la kituo, toleo la programu, toleo la PostgreSQL, matokeo ya ss na pg_stat_activity, na faili ya nyuzi iliyofungwa kwa nywila. Nywila itumwe kwa simu, isiwe kwenye barua hiyo hiyo. Andikeni saa ya tukio hadi sekunde, na mhakikishe kwanza kwamba saa ya kompyuta na ya seva zinakubaliana. Taarifa isiyo na saa tutairudisha kwa mtumaji, kwa kuwa bila saa hatuwezi kuoanisha kuganda kwenu na mstari wowote kwenye kumbukumbu za seva.