Seva ya TFTP katika usakinishaji wa kupitia mtandao: dhana potofu na ukweli

Fundi anayetaka kusakinisha mfumo endeshi katika kompyuta nyingi bila kuizungukia kila moja na flashi mkononi huishia kwenye TFTP, itifaki ndogo ya kuhamishia mafaili ambayo toleo lake linalotumika hadi leo limeelezwa katika waraka RFC 1350 wa mwaka 1992. Udogo wake ndio huwafanya wengi waisanidi kwa mazoea waliyoyapata kwenye huduma nyingine.

Dhana: TFTP ni FTP iliyopunguzwa. Jina ndilo linalopotosha. FTP hupita juu ya TCP, njia ya usafirishaji inayofungua muunganisho kwanza, hudai nenosiri na huweza kuorodhesha yaliyomo katika saraka; TFTP hupita juu ya UDP, isiyofungua muunganisho, haimuulizi mtu yeyote ni nani, wala haina amri ya kuorodhesha chochote. Anayeomba faili sharti alijue jina lake, na jina hilo, pamoja na anwani ya seva, kompyuta hupewa na DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. Kwa sababu hiyohiyo PXELINUX, programu ya kuanzishia kompyuta kupitia mtandao, ikishapakiwa, hulazimika kubahatisha mahali pa mipangilio yake ndani ya saraka ya pxelinux.cfg: huanza na UUID (kitambulisho cha pekee) ya kompyuta, kisha anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) iliyotanguliwa na 01, kisha anwani ya IP kwa tarakimu za heksadesimali, ikikata tarakimu moja moja mwishoni, hadi ifikie faili liitwalo default. Anayesoma kumbukumbu za seva kwa mara ya kwanza huona safu ya maombi yaliyokosa faili, akaanza kusaka kosa ambalo halipo.

Dhana: ukifungua poti 69, mlango ambao TFTP husikiliza, kazi ya ukuta wa moto (firewall) imekwisha. Hii ndiyo inayokula muda kuliko zote. Poti 69 hupokea ombi la kwanza tu. Tuseme kompyuta imetuma ombi kutoka poti yake 2070. Seva haitajibu kutoka 69, bali kutoka poti nyingine iliyojichagulia wakati huohuo, kwa mfano 40112, na mazungumzo yote yaliyobaki yataendelea kati ya 40112 na 2070. Ukuta wa moto ulio njiani usiojua desturi hiyo huliona jibu kuwa la mgeni na kulitupa, na kwenye skrini ya kompyuta, baada ya kusubiri, hutokea kosa la PXE-E32, yaani seva ya TFTP haikujibu. Katika Linux ipo moduli ya nf_conntrack_tftp kwa kazi hiyo, ingawa katika kerneli (viini vya mfumo endeshi) za karibuni kuipakia pekee hakutoshi, kwani ni lazima kanuni ya ukuta wa moto iihusishe na trafiki ya poti 69. Kujaribu kupakua faili ukiwa kwenye seva yenyewe hakuthibitishi lolote hapa, maana jaribio hilo halipiti njia ambayo kompyuta nyingine itapita.

Ikiwa skrini inaonyesha PXE-E51, kwa upande mwingine, TFTP haina hatia: kompyuta haijapata jibu la DHCP.

Dhana: faili lisiposomeka, toa ruhusa zote. Kwa tftpd-hpa, programu ya seva ya TFTP katika Linux, inatosha faili liweze kusomwa na kila mtumiaji. Mara nyingi tatizo ni njia ya faili: ukitumia chaguo la --secure, saraka ya /srv/tftp huwa ndiyo mzizi, kwa hiyo anayeomba /srv/tftp/pxelinux.0 anatafutiwa saraka ndani ya saraka. Viungo vya mafaili (symlink) vinavyoelekeza nje ya mzizi huo navyo hukatika. Kuruhusu kila mtu kuandika, kwenye huduma isiyo na nenosiri, ni kumwachia yeyote aliye mtandaoni abadilishe kitakachosakinishwa.

Dhana: faili moja la kuanzishia linatosha kompyuta zote. Yenye BIOS, programu-msingi ya zamani ya kuwashia kompyuta, huhitaji pxelinux.0; yenye UEFI, mrithi wake, huhitaji faili la aina ya .efi. DHCP huzitofautisha kwa chaguo la 93.

Dhana: TFTP hubeba mfumo mzima. Kwa kawaida hubeba programu ya kuanzishia, kerneli na initrd, yaani mfumo mdogo wa mafaili wa muda wa kuanzia. Vifurushi vingine hufuata kwa HTTP au NFS (itifaki ya kushiriki mafaili mtandaoni), na ni vyema iwe hivyo. Kwa kawaida yake ya asili TFTP hutuma kipande cha baiti 512 na kungoja uthibitisho kabla ya kutuma kingine, hivyo initrd ya megabaiti 60 hudai vipande zaidi ya 120,000. Tena namba ya kipande ina biti 16 tu, kwa hiyo hesabu hufika ukomo karibu na megabaiti 32, isipokuwa pande zote mbili zikubali kuianza upya. RFC 2348 ya mwaka 1998 iliruhusu pande hizo kupatana ukubwa wa kipande: kwa baiti 1468, ambazo hutosha ndani ya pakiti ya kawaida ya Etaneti, initrd hiyohiyo huhitaji vipande chini ya 43,000.