"Haumo Kwenye Hifadhidata" Si Cheti cha Usafi

Nimetumiwa tena taarifa ya historia ya umiliki wa mchoro ambayo hitimisho lake ni sentensi moja: jina la mchoro lilitafutwa katika hifadhidata za mali zilizoporwa na Wanazi, halikuonekana, na kwa hiyo mchoro huo hauna dosari. Taarifa za namna hii huandikwa na watu wasomi, hupigwa mihuri na huambatanishwa na mauzo ya fedha nyingi. Kazi yangu ni kuandaa kumbukumbu za uporaji huo ili ziweze kutafutwa mtandaoni, yaani kuingiza kadi, kuoanisha majina, kuandika metadata (maelezo mafupi ya kila hati) na kuamua neno likichapwa lilete nini. Tulichokijenga ni faharasa ya karatasi zilizosalia, na karatasi nyingi hazikusalia, na nyingine nyingi hazikuandikwa kamwe.

Chukueni hifadhidata inayotajwa kuliko zote, ile ya Jeu de Paume. Kikosi cha uporaji cha Alfred Rosenberg, kiongozi wa Kinazi, ambacho katika fani hii hukiita ERR, kilianza kazi mwaka 1940, na katika jengo la Jeu de Paume mjini Paris wataalamu wake wa historia ya sanaa walipiga picha, walipima na kuandikia kadi makusanyo waliyowanyang'anya Wayahudi. Kila mkusanyo ulipewa alama yake: R ya Rothschild, DW ya David-Weill, na kadhalika. Mwaka 1945 Wamarekani walizikuta kadi na picha hizo katika kasri la Neuschwanstein, ambako walielekezwa na Rose Valland, mtumishi wa makumbusho aliyekuwa akinukuu kwa siri nyendo za waporaji hao mbele ya macho yao. Hifadhidata iliyofunguliwa mwaka 2010 ina zaidi ya vitu 20,000, na ninaiheshimu sana. Hata hivyo, inajibu swali moja tu: je, kitu hiki kilipitia mikononi mwa wale wataalamu na wakaona kinastahili kadi?

Sasa fikirini kuhusu vilivyoonekana havistahili. Kuanzia mwaka 1942, ofisi nyingine iliyokuwa chini ya Rosenberg huyohuyo ilikomba samani za nyumba za Wayahudi waliokimbia au kupelekwa makambini. Ni nyumba zipatazo 70,000 katika Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Vitanda, piano, sahani na vitabu vilipakiwa kwenye treni kwenda Ujerumani. Michoro michache iliyoonekana kuwa na thamani ilichomolewa na kuandikwa MA-B, alama inayotaja operesheni hiyo ya samani na kutaja kwamba kitu ni picha, bila jina la familia iliyonyang'anywa. Fundi cherehani aliyekuwa na mchoro mmoja ukutani hana kadi inayomtaja. Hifadhidata zetu zimerithi macho ya mporaji: alichokithamini kinaonekana na alichokidharau hakionekani, na hakuna ustadi wa programu utakaoliondoa tatizo hilo.

Kuna mfano unaonitosha kila ninapoulizwa, nao ni mkusanyo wa Adolphe Schloss, Myahudi wa Paris. Ulikuwa na michoro 333, ikakamatwa mwaka 1943 katika kasri la Chambon huko Corrèze. Michoro 49 ilichukuliwa na Louvre, 262 ikatengwa kwa ajili ya makumbusho ambayo Hitler alitaka kuyajenga Linz, Austria, na 22 iliyobaki ikauzwa kwa mfanyabiashara. Sehemu ya Hitler ilihifadhiwa Munich katika Führerbau, jengo la ofisi zake, na mwishoni mwa Aprili 1945, utawala ulipokwisha kuanguka na Wamarekani ndio kwanza wanaingia mjini, watu walilivamia jengo hilo wakabeba walichoweza. Wiki chache baadaye Wamarekani waliweka kituo chao cha kukusanyia kazi za sanaa mahali hapohapo, wakaanza kutoa namba za Munich kwa kila kitu kilichopokelewa. Mchoro wa Schloss uliobebwa katika vurugu zile na usiorudishwa hauna namba ya Munich wala kadi ya Munich. Ukiutafuta katika hifadhidata ya kituo hicho utapata sifuri, na sababu ya sifuri hiyo ni kwamba mchoro uliibwa mara mbili. Halafu mtu anaichukua sifuri hiyohiyo na kuiandika kuwa ushahidi wa usafi! Hili linanikasirisha kuliko jambo lolote katika kazi hii, kwa sababu linamnyima mrithi haki yake kwa kutumia chombo kilekile kilichojengwa ili kumsaidia.

Yapo pia mauzo ya kulazimishwa, ambayo hayakuacha kadi ya ukamataji kwa sababu hapakuwa na ukamataji. Max Stern, mfanyabiashara wa sanaa Myahudi wa Düsseldorf, alilazimishwa na utawala kufunga biashara, na Novemba 1937 michoro ya duka lake la sanaa ilipigwa mnada Cologne. Kwenye karatasi ni mnada wa kawaida wenye katalogi na namba za bidhaa. Mahakama za Marekani, katika kesi ya mchoro mmoja wa mchoraji Winterhalter uliouzwa siku hiyo, ziliukubali uuzaji huo kuwa sawa na wizi, lakini hakuna hifadhidata ya ukamataji ambayo ingekuambia hivyo. Unapaswa kwenda kwenye katalogi za minada, ambazo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Heidelberg na washirika wake wamezifanyia kazi kubwa ya kuziweka mtandaoni, na huko unasoma ukurasa kwa ukurasa.

Tuseme sasa kwamba karatasi ipo, imeskaniwa, na imo mtandaoni. Bado unaweza kuikosa. Karani wa mwaka 1941 aliandika "mandhari yenye mto". Kituo cha Munich kikaandika "wavuvi ufukweni". Familia, ilipodai mali yake baada ya vita, ikataja jina ambalo babu alizoea kuuitia mchoro ule. Na makumbusho ya leo yameupa jina la nne. Msanii naye hubadilika, kwani kazi iliyohesabiwa kuwa ya bwana mkubwa leo inahesabiwa kuwa ya mwanafunzi wake. Vipimo ndivyo vinavyosaidia zaidi, mradi ujue kwamba mmoja alianza na urefu na mwingine na upana, na kwamba wapo waliopima pamoja na fremu. Kwa hiyo mfumo mzuri wa kutafutia hauna sehemu moja ya jina, moja ya msanii na moja ya mmiliki. Unahifadhi madai: nani alisema nini, katika hati ipi, tarehe ipi, na unayaacha madai yanayopingana yakae pamoja. Hati za ERR huziita mali hizi kuwa hazina mwenyewe. Tunayahifadhi maneno hayo kwa sababu ni ushahidi wa uhalifu, lakini tunayaandika kama dai la mporaji, na kamwe hatuyaingizi mahali pa kumtaja mmiliki.

Hapo ndipo mashaka yangu yanapoanza, na vitabu vya mafunzo hupita haraka hapa. Kadi tatu zinapoonekana kuhusu mchoro mmoja, niziunganishe au niziache? Nikiziunganisha, mrithi atapata yote kwa mara moja, lakini wachoraji wengi walirudia somo lilelile na karakana zao zilinakili, kwa hiyo huenda nimeuficha mchoro wa pili ndani ya rekodi ya wa kwanza. Nikiziacha, mrithi ataona vipande asivyojua kuviunga. Tumeamua kuziacha na kuweka kiungo chenye kiwango cha uhakika: hakika, yamkini, huenda. Sina imani kamili na viwango hivyo, kwa maana mtumiaji aliye na haraka husoma "huenda" kana kwamba ni "hapana".

Shaka la pili ni zito zaidi. Mwezi Aprili 1938, Wayahudi wa Ujerumani na Austria waliokuwa na mali ya zaidi ya Reichsmark 5,000 (sarafu ya Ujerumani ya wakati huo) waliamriwa kuitangaza, hata vito na vyombo vya fedha. Fomu hizo ni hazina kwa mtafiti, na wakati huohuo ni siri za nyumbani zilizotolewa kwa kulazimishwa. Kuziweka wazi kwa dunia nzima bila kumuuliza mrithi yeyote ni jambo ambalo bado linanisumbua, na kuzifunga kunamsaidia anayeshikilia mali isiyo yake.

Kuhusu wanaosema tuskani kila kitu na kompyuta itasoma yenyewe, nitasema kwa ufupi: hati za ERR peke yake zimetawanyika Kyiv, Moscow, Vilnius, Berlin, Koblenz, Paris, Amsterdam na College Park huko Marekani, na mwandiko wa karani mwenye haraka huishinda programu mara nyingi.

Kanuni za Washington kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi, zilizoafikiwa na nchi 44 mwaka 1998, zinataka mapengo yasiyoepukika katika historia ya umiliki yafikiriwe kwa kuzingatia muda uliopita na mazingira ya mauaji yale ya halaiki. Anayeligeuza pengo kuwa cheti anaipindua kanuni hiyo. Kwa hiyo, katika mfumo tunaoujenga, ukurasa wa matokeo sifuri haubaki mtupu: unataja vyanzo vilivyotafutwa, miaka na miji vinavyoihusu, na vyanzo ambavyo bado havijaingizwa. Ninyi mnaoandika taarifa, nakilini ukurasa huo wote. Tajeni tahajia mlizotumia na tarehe ya kutafuta, tajeni miaka ambayo hamjui mchoro ulikuwa wapi, na ambatanisheni picha ya nyuma ya mchoro, pamoja na lebo, mihuri na namba zote, hata zile zilizofutwa nusu.