Je, wajua kwa nini maegesho ya katikati ya mji huwagombanisha wenye maduka na halmashauri?

Halmashauri ikitangaza tu kwamba itaanza kutoza ada ya maegesho katikati ya mji, wa kwanza kupiga kelele huwa wenye maduka madogo. Mnatufukuzia wateja, husema. Madiwani nao hujibu kwamba barabara imejaa magari na mteja hana pa kusimama. Pande zote mbili zinamtetea mteja yuleyule. Mbona basi hawaelewani?

Tuitazame nafasi moja tu, ile iliyo mbele ya mlango wa duka. Duka liko wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, yaani saa 10. Mteja aliyefuata kitu kimoja hukaa nusu saa, akaondoka. Nafasi hiyo basi inaweza kupokea wateja 20 kwa siku. Lakini karani wa ofisi ya jirani, au muuzaji wa duka hilohilo, akiegesha hapo saa moja na nusu asubuhi, gari haling'oki mpaka jioni. Wateja 20 wamezunguka, wamechoka, wamekwenda zao. Wala hakuna aliyevunja sheria: maegesho ni ya bure, na aliyewahi ndiye aliyepata.

Tatizo hilohilo ndilo lililozaa mita ya maegesho, yaani mashine ya kulipia muda wa kuegesha. Ya kwanza ilisimikwa Oklahoma City, Marekani, tarehe 16 Julai 1935, na ada yake ilikuwa senti 5 kwa saa. Mwenye wazo alikuwa Carl Magee, mwanahabari aliyekuwa katika kamati ya trafiki ya chama cha wafanyabiashara cha mji huo. Kwa hiyo chombo ambacho wenye maduka wengi wanakipinga leo kilibuniwa ili wateja wao wapate nafasi.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodai kwamba mwenye duka haelewi biashara yake. Faida yake ni nyembamba, na akipoteza wateja wachache tu kwa wiki, kodi ya pango inamshinda. Shida ni kwamba mteja wa gari huonekana na husikika, kwa sababu ndiye anayelalamika kukosa nafasi. Aliyekuja kwa miguu huingia, hulipa, hutoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mitaa miwili ya Berlin ulionyesha hivyo: wafanyabiashara walikisia kwamba karibu asilimia 22 ya wateja wao huja kwa gari, kumbe walikuwa karibu asilimia 7. Berlin ina treni na mabasi tele, kwa hiyo tarakimu hizo hazifai kunakiliwa kwa mji usio na usafiri wa umma. Kinachofaa kunakiliwa ni kazi yenyewe ya kusimama mlangoni na kuwauliza wateja wamefikaje.

Halafu kuna fedha, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kidonda. Ada ikiingia kwenye mfuko mkuu wa halmashauri, mwenye duka anaona hasara tu. Pasadena, California, ilikumbana na upinzani huo ilipotaka kuweka mita katika sehemu yake kongwe. Ikaahidi kwamba mapato yatabaki palepale, na wafanyabiashara wakaafiki. Mita ziliwekwa mwaka 1993, na fedha zikatengeneza njia za waenda kwa miguu, zikapanda miti na kuweka taa. Eneo lililokuwa limechakaa likajaa wanunuzi.

Kuhusu kiwango cha ada, profesa wa mipango miji Donald Shoup alipendekeza kipimo rahisi: itozwe kiasi cha kuacha nafasi moja au mbili wazi katika kila kipande cha mtaa, karibu asilimia 15. Nafasi nyingi zikibaki tupu, ada ishushwe.

Anayesahaulika katika vikao vingi ni yule muuzaji wa saa moja na nusu asubuhi. Mshahara wake hauwezi kubeba ada ya saa 10. Asipotengewa mahali pa bei nafuu, hatua chache kutoka dukani, ataendelea kuzunguka akitafuta nafasi ileile mbele ya mlango.