Mzee, noti hii haina dhahabu

Wiki iliyopita mzee mmoja alinipandia ngazi hadi ofisini kwangu, huku River Road, akiwa na noti ya shilingi ishirini yenye sura ya Mfalme George wa Sita. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa hadi inapitisha mwanga.

"Mwanangu, hii ni ya enzi ambazo noti ililipwa kwa dhahabu. Benki Kuu watanipa ngapi?"

Kazi yangu ni historia ya sarafu, na swali hili nalisikia sana. Kiswahili chenyewe kinalichochea: fedha ni ile metali nyeupe, nasi pesa yote tumeipa jina hilo. Sarafu ya rupia iliyotumika Nairobi ya mwanzo ilistahili jina. Ilikuwa na gramu 11.66, karibu asilimia 92 yake fedha halisi. Noti ilikuwa stakabadhi: lete karatasi, uchukue metali.

Stakabadhi hizo ni za kale. Wafanyabiashara wa Sichuan, Uchina, walichoka kubeba sarafu za chuma (naam, chuma!), wakawa wanaziweka amana na kutembea na karatasi. Serikali iliichukua kazi hiyo miaka ya 1020. Uswidi nako, mwaka 1661, benki ya mtu aitwaye Palmstruch ilitoa noti kwa sababu pesa ya shaba ilikuwa mabamba, mengine ya karibu kilo 20. Ikachapisha noti kuliko ilivyoweza kulipa, ikaanguka.

Kwetu, kisa kitamu ni cha 1920. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia bei ya fedha ilipanda na rupia ikapanda nayo. Awali pauni moja ilikuwa rupia 15; serikali ikaamua iwe 10. Aliyekopa rupia 1,500, yaani pauni 100, akajikuta anadaiwa pauni 150. Masetla walilia hadi London! Sarafu mpya, florini, ikaja badala ya rupia, ikafuatwa na shilingi mwaka 1922. Sarafu ya shilingi ilikuwa na robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hata robo hiyo ikaondolewa.

Noti zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokaa London, na dhamana yake ilikuwa pauni za Uingereza. Pauni yenyewe iliachana na dhahabu Septemba 1931. George wa Sita alitawazwa baadaye, kwa hiyo noti ya mzee haikuwahi kuona dhahabu hata kwa mbali.

"Sasa haina kitu?"

"Wakusanyaji watainunua, mzee. Ila hii mikunjo imekukata bei."

Nikampa bahasha ya plastiki. Akaitia noti ndani, akaikunja bahasha mara mbili, akaitia mfukoni.