Je, wajua? Filamu nzima inaimbwa, lakini mastaa wake hawakuimba

Filamu ya Kifaransa Les Parapluies de Cherbourg, yaani Miavuli ya Cherbourg (mji wa bandari Ufaransa), ilitoka mwaka 1964, na hakuna sentensi hata moja ndani yake inayosemwa kawaida. Kila kitu kinaimbwa: maneno ya mapenzi, salamu za mlangoni, hata fundi wa gereji akimweleza mteja kuwa injini bado inagonga kidogo ikiwa baridi. Dakika kama 90, mwanzo hadi mwisho. Ajabu ni kwamba Catherine Deneuve na Nino Castelnuovo, wale wapenzi wawili wanaotutoa machozi, sauti zao hazisikiki kabisa. Ilikuwaje?

Ni kwa sababu muziki ulitangulia. Mwongozaji Jacques Demy na mtunzi Michel Legrand walilipatia kila neno noti yake, kisha wakaingia studio na waimbaji wa kazi hiyo. Danielle Licari alimwimbia Geneviève, binti wa duka la miavuli. José Bartel alimwimbia Guy, fundi wa gereji. Mama yake Geneviève akaimbiwa na Christiane Legrand, dada yake mtunzi. Kamera zilipofika Cherbourg mwaka 1963, nyimbo zilikuwa tayari. Kwa Castelnuovo hilo lilikuwa na faida nyingine: yeye alikuwa Mwitaliano, na fundi wa Cherbourg mwenye lafudhi ya Kiitaliano angezusha maswali.

Aliyekulia filamu za Kihindi hashangai. Lata Mangeshkar aliwaimbia mastaa wa vizazi kadhaa. Ila kule wimbo ukiisha watu wanarudi kuzungumza. Hapa hauishi, na hapo ndipo kazi ya mwigizaji ilipokuwa ngumu. Hawezi kusita kidogo ili chozi litoke, wala kuvuta neno. Kama muziki umeacha mapigo machache ya kutoka mlangoni hadi kaunta, basi lazima awe amefika kaunta.

Kwa nini wajitese hivyo? Itazame hadithi yenyewe. Guy anaitwa jeshini kwenda vita vya Algeria, Geneviève anabaki na mimba, barua zinakuwa chache, duka la mama lina madeni, na Roland Cassard, mfanyabiashara wa vito, anataka kuoa. Ingesimuliwa kwa maneno matupu, ingekuwa habari ya mtaani tu. Ikiimbwa yote, kodi na madeni vinapata uzito uleule wa kiapo cha mapenzi, na mtazamaji hapati upenyo wa kupumua. Ndiyo maana kuagana kwao kituo cha treni kunauma kiasi kile.

Demy mwenyewe alijua wapo watakaoguna. Mapema kabisa, pale gereji, mmoja wa mafundi anasema opera haimpendezi, watu wote wale wanaoimba wanamkera. Yeye anapenda sinema. Na hayo yote anayasema kwa kuimba!

Mwaka huohuo wa 1964 filamu ilichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Mwaka 1967 Demy na Legrand walikuja na Les Demoiselles de Rochefort, na Deneuve akaimbiwa tena, safari hii na Anne Germain. Kati ya wahusika wakuu wa filamu hiyo, aliyeimba kwa sauti yake mwenyewe ni Danielle Darrieux, aliyecheza mama.