Kwa nini kunusa spiriti hutuliza kichefuchefu?

Aliyezoea basi la Dodoma kwenda Kondoa anaijua dawa ya abiria: ganda la ndimu puani, dirisha wazi, macho mbele. Mama wa kiti cha nyuma hata hakuulizi umekula nini, anakupa ndimu tu. Kumbe hospitalini nako ipo harufu inayofanya kazi hiyo, na imepimwa kitaalamu. Ni ya kile kipande chenye unyevu wa spiriti ambacho nesi hukufutia mkono kabla ya sindano.

Kichefuchefu hakitoki tumboni peke yake. Kwenye shina la ubongo kuna sehemu ndogo inayoionja damu muda wote, na ikikuta sumu au dawa isiyoipenda hupiga kengele. Utumbo nao hupeleka malalamiko yake kwa neva ya vagasi. Sikio la ndani lina la kwake, na hilo ndilo linalokusumbua kwenye kona za barabarani.

Dawa za kawaida huzuia ujumbe huo njiani. Ondansetroni huzuia serotonini, kemikali mojawapo inayoubeba. Plasil, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina, huzuia hasa dopamini, kemikali nyingine ya namna hiyo. Shida ni muda. Kidonge kinataka kimezwe na kifike kwenye damu, wakati anayetapika anaweza kukirudisha chote kwenye beseni. Sindano inamtaka nesi, na nesi yuko kwa majeruhi wa bodaboda, maana kitengo cha dharura hakifuati nani kawahi benchi, kinafuata nani yuko hatarini zaidi.

Hapo ndipo madaktari wa San Antonio, Texas, walipojiuliza: je, pua haiwezi kutangulia? Mwaka 2016 walichapisha jaribio la wagonjwa 80, na mwaka 2018 jingine la watu wazima 122 wasiohitaji dripu ya haraka. Katika hili la pili, kundi moja lilinusa spiriti na kumeza ondansetroni. Jingine lilinusa spiriti na kumeza kidonge kisicho na dawa. La tatu lilinusa maji ya chumvi na kumeza ondansetroni. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, baada ya nusu saa kichefuchefu kilishuka kwa takriban 30, 32 na 9. Yaani waliomeza kidonge kitupu huku wakinusa spiriti walipata nafuu zaidi kuliko waliomeza dawa halisi bila spiriti!

Mimi siapi kwa matokeo hayo. Harufu ya spiriti haifichiki, kwa hiyo mgonjwa anajua kapewa nini, na kutarajia nafuu nako huleta nafuu. Lakini huwezi kusema ni pumzi ndefu tu zilizowasaidia, kwa sababu wa maji ya chumvi nao walivuta.

Kinachonuswa ni alkoholi ya isopropili, ile ya vipande vya kufutia ngozi. Shikilia kipande hicho sentimita 1 au 2 chini ya pua, vuta pumzi taratibu kwa pua, isizidi dakika moja, pumzika, kisha rudia. Usiende kuchukua spiriti ya kuwashia jiko. Hiyo huwa na methanoli, sumu inayoweza kupofusha macho. Na hata ile ya hospitali hainywewi.

Harufu haitibu malaria wala kidole tumbo. Anayetapika damu, aliyeanza kutapika baada ya kugonga kichwa, mwenye maumivu makali ya tumbo au anayeishiwa nguvu, huyo asitulizwe benchini. Ndugu aliyemsindikiza ainuke amwambie nesi hapo hapo.

Wengine, nesi akikupa kipande kimoja, omba na cha pili. Hukauka upesi, hasa kwa upepo wa Dodoma.